Kompresa Tatu za Phelesia

Pale Suna, kwenye kona ambapo malori ya miwa hupunguza mwendo kabla ya kushuka kuingia mjini Migori, palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Phelesia, na mama huyo alikuwa na mguu. Watu wengine walikuwa nayo pia, tena miwili miwili, lakini mguu wa kulia wa Phelesia ulijulikana kuanzia Suna hadi soko la ng'ombe la Ogwedhi. Ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, mgumu kama mchi, na ndio uliojaza upepo kila gurudumu lililopita kona ile, kwa sababu Phelesia alikuwa fundi wa pancha na chombo chake kilikuwa pampu ya kukanyaga.

Kazi hiyo aliianzia kwao Kendu Bay, akiwa msichana. Siku moja mwalimu kijana aitwaye Maurice alipata pancha mbele ya boma lao, Phelesia akamzibia. Wiki iliyofuata akapata pancha tena, mahali palepale. Na iliyofuata. Baba yake Phelesia akasema kijana huyu ama ana mkosi ama anatembea na msumari mfukoni. Alikuwa na msumari mfukoni. Wakaoana, na Maurice alipohamishiwa shule moja karibu na Suna, Phelesia akafungua duka la pancha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda. Baiskeli ilikuwa mchezo. Pikapu ilimtoa jasho kidogo. Lori ndilo lilikuwa taabu. Alianza kukanyaga baada ya chai ya asubuhi na kumaliza watu wakiosha mikono kwa chakula cha mchana. Lakini miaka ya tisini ilipofika katikati, baiskeli za boda boda zilizagaa kila mahali, malori yakazidi, na siku moja goti la Phelesia likatoa sauti kama mlango wa kabati na kukataa kukunjika.

"Mama Akoth," Maurice alimwambia akimkanda kwa maji ya moto, "nunua kompresa."

"Kompresa gani?"

Maurice alikuwa mwalimu wa jiografia. "Ile ya kutoa upepo," akasema, na elimu yake ikaishia hapo.

Wakati huohuo kampuni moja ya kujenga barabara ilikuwa imemaliza kazi yake na kuuza vyombo kwa mnada. Phelesia akaenda akichechemea. Huko aliikuta kompresa ya dizeli ya manjano, kubwa kama banda la mbuzi, iliyokaa juu ya magurudumu mawili yake yenyewe. Ilikuwa mashine ya kutobolea miamba. Phelesia aliizunguka, akaipiga teke kwa mguu wake maarufu, nayo haikutikisika. Akaipenda papo hapo. Mawazo yake yalikuwa mafupi na wazi: yeye ameteseka kwa sababu pampu yake ni ndogo; basi dawa ni kubwa, na iliyo kubwa zaidi ni dawa zaidi.

Akauza fahali wake, akakodi wengine wa jirani, wakaikokota ile mashine hadi Suna huku watoto wakiifuata kama gari la harusi.

Asubuhi ya kuizindua, kona nzima ilikusanyika. Jirani yake Bosibori, mama wa Kikisii aliyeuza unga na uji kwenye kibanda cha pili, alileta kiti kabisa akaketi. Phelesia akazungusha kishikio. Mashine ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikanguruma. Haikuwa ngurumo ya kusikia kwa masikio. Ilipandia kwenye nyayo. Mabati yakacheza. Vikombe vya uji vya Bosibori vikatembea mezani kimoja kimoja na kuruka chini. Kuku wake wakaondoka kwa pamoja kuelekea kusini, na jioni waliripotiwa kuonekana karibu na mpaka wa Tanzania.

Mteja wa kwanza alikuwa mwendesha boda boda aliyekuwa na gurudumu la nyuma lililolegea. Phelesia akachomeka mpira wa kupitishia upepo, akafungua kidogo tu, kiasi cha kupitisha sindano.

Tyubu ile haikujaa. Ilitoweka. Palisikika mlio, na mwenye baiskeli akabaki amesimama na mikono kwenye usukani, akitazama vyuma vitupu.

"Umepeleka wapi gurudumu langu?" akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

Phelesia alipogeuka kumjibu, mpira ulimponyoka mkononi. Sasa mpira wa kompresa ya kutobolea miamba ukiachwa huru hauna adabu. Ulijirusha kushoto, ukajirusha kulia, ukavua kofia za watu, ukapita juu ya paa na kurudi, kisha ukaingia kwenye kibanda cha Bosibori na kukuta magunia ya unga yakiwa wazi.

Maurice alirudi kutoka shuleni kuchukua chaki aliyoisahau, akakuta kona imejaa watu weupe kuanzia nywele hadi viatu, wote wamenyamaza, wakimtazama kwa macho mekundu. Alisimama mbali kidogo.

"Amani iwe kwenu," akasema kwa sauti ya kutetemeka.

"Maurice, wacha ujinga," mmoja wa wale weupe akajibu. "Zima hii kitu!" Ndipo alipomtambua mkewe.

Mashine ile ilipiga kelele siku chache zaidi, ikinywa dizeli kuliko malori iliyoyahudumia, kisha wachimba dhahabu kutoka Nyatike wakafika wakifuata mlio. Walikuwa wamechoka kupasua mwamba kwa nyundo. Walipoiona kompresa wakavua kofia. Phelesia akawauzia, na Bosibori akawasaidia kuisukuma, tena kwa nguvu kuliko mwenyewe.

Basi ukaja wakati wa kununua ya pili. Goti bado lilikuwa bovu, na sasa Phelesia alikuwa pia na haya. "Nataka mashine isiyosema," alimwambia mumewe. "Nataka kitu kipole. Nenda wewe ukachague, mimi nimeshindwa."

Maurice akaenda Kisii na kurudi na kompresa ya stima, nyekundu, iliyong'aa, ndogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja kama ndoo.

"Uliichagua kwa nini?" Phelesia akauliza.

"Angalia hiyo rangi."

"Na nini kingine?"

Maurice akafikiri. "Ina magurudumu madogo."

Kwa baiskeli, kusema ukweli, ilikuwa nzuri. Ilivuma kama nyuki na kumaliza kazi vizuri. Shida ilianza siku Wesley, dereva wa lori la miwa, aliposimama na tairi lililolala. Phelesia akaunganisha mpira, akawasha, akakaa. Kompresa ikavuma. Ikavuma sana. Ikapata joto, ikazima yenyewe kupumzika. Ikapoa, ikavuma tena. Halafu stima ikapotea. Stima iliporudi, upepo mwingi ulikuwa umevuja.

Wesley alikunywa uji. Akala mchana. Akalala chini ya lori, akaamka, akaenda kunyolewa, akarudi. Akamweleza Phelesia habari za mke wake wa kwanza, kisha za wa pili, kisha akaanza kumwuliza ushauri kuhusu wa tatu. Akawasaidia watoto wa Maurice hesabu. Jua lilipoinama, Phelesia alivuta ile pampu ya zamani kutoka uvunguni, wakakanyaga kwa zamu, yeye kwa mguu wa kushoto na Wesley kwa yote miwili. Wakati wa kuondoka, watoto walimlilia kama mjomba anayerudi safari.

Hilo lingeweza kuvumilika. Lililoshinda uvumilivu lilitokea Sabato.

Phelesia na Maurice walikuwa Wasabato wa kweli. Ijumaa jua likikaribia kuzama, kazi ilifungwa, chakula cha kesho kilikuwa tayari, viatu vimepakwa rangi. Ijumaa hiyo Phelesia alikuwa anajaza tyubu ya lori iliyokuwa imelala sakafuni, akitafuta tundu, stima ikapotea. Akasubiri, akaona jua linamkimbia, akaosha mikono na kufunga duka. Mpira ukabaki umeng'ata tyubu. Swichi ikabaki imewashwa. Na tyubu yenyewe, iliyojaa nusu, ilikuwa imekaa katikati ya mlango unaotoka chumba cha duka kuingia sebuleni.

Siku ya pili, baada ya ibada, wageni walikuja kula kwao, wakipitia dukani na kuiruka tyubu. Mkuu wao alikuwa mzee wa kanisa Mokaya, mtu mrefu, mwenye suti ya kijivu na sala ndefu kuliko suti. Samaki walikuwa mezani. Mzee Mokaya akafumba macho, akaanza kushukuru. Alishukuru kwa mvua, kwa mahindi, kwa barabara, kwa wagonjwa wote akiwataja majina, na alipofika kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani, stima ikarudi.

Vuuuuum, ikasema kompresa.

Mzee Mokaya alifumbua jicho moja. "Ni nani anayefanya kazi katika nyumba hii?"

"Si mimi, mzee," Phelesia akasema haraka. "Ni stima."

"Mashine ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini sijaituma."

Akainuka kwenda kuizima. Mzee Mokaya akanyoosha mkono. "Keti, binti yangu. Ukiizima, utakuwa umefanya nini?"

"Nitakuwa nimeizima."

"Utakuwa umefanya kazi ya kompresa. Kuwasha ni kazi, kuzima ni kazi."

Maurice, ambaye alikuwa ameanza kuona kitu cheusi kikiinuka polepole mlangoni, akajaribu elimu yake. "Mzee, si tumeruhusiwa kumtoa ng'ombe aliyetumbukia shimoni, hata kama ni Sabato?"

"Huyo ni ng'ombe?"

"Hapana."

"Ametumbukia?"

Maurice akatazama mlangoni. "Hapana, mzee. Anavimba."

Kweli tyubu ilikuwa inavimba. Ilikuwa imefika miimo ya mlango pande zote na sasa ilianza kutokeza sebuleni, nyeusi, ikimetameta, kama kiboko anayebisha hodi. Wageni wakasogeza viti. Mama mmoja akachukua samaki wake kabla ya yote. Kwa kuwa mlango wa nje ulikuwa upande wa duka, hapakuwa na wa kutoka wala wa kuingia.

"Tumwite jirani ambaye si Msabato," mzee Mokaya akaamua, jasho likimtoka kwenye paji la uso. "Yeye hana kosa."

Phelesia akatoa kichwa dirishani. "Bosibori! Mama, njoo haraka!"

Bosibori, Mkatoliki, alikuwa anasuka nywele za binti yake. "Haraka ya nini? Leo si mnapumzika?"

"Njoo uzime kompresa!"

"Kwa nini usizime wewe?"

"Nitakuwa nimefanya kazi!"

"Na mimi nikizima nitakuwa nimefanya nini, nimecheza?" Lakini alikuja, kitana kikiwa mdomoni. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani baada ya wageni kuingia, na wote wa kulifungua walikuwa upande wa pili wa tyubu. Bosibori akazunguka hadi dirisha la duka, akapenyeza mkono kati ya vyuma. Ukutani kulikuwa na swichi mbili. Akabonyeza moja.

Redio ikawaka. Ilikuwa imeachwa kwenye sauti ya juu, na iliyotoka ni rumba, magitaa yakilia kwa raha na mwanamume akiimba Kilingala kuhusu mwanamke ambaye hakika hakuwa mkewe.

"Si hiyo!" Phelesia akapiga kelele.

"Ni gani?"

"Nyingine!"

"Nyingine iko mbali, yawa!" Bosibori, ambaye alikuwa amekaa kati ya Wajaluo miaka mingi, alipozidiwa alishangaa kwa Kijaluo. Akanyoosha mkono. Kiboko akaugua. Mabega ya mzee Mokaya, ambayo wageni waliapa baadaye kwamba hawakuyatazama, yalikuwa yamekwisha kushika mdundo wa rumba.

"Tumalizie sala," akasema. "Baba, Ami—"

Tyubu ikapasuka.

Hakuna aliyeumia, hilo lisemwe mapema. Lakini vumbi la dari lilishuka lote, kalenda zikatoka ukutani, na sufuria ya ugali ikapatikana imefunika kichwa cha kiti. Vumbi lilipotulia, mzee Mokaya alikuwa chini ya meza, samaki mmoja akiwa kwenye mfuko wa koti lake, akirudia neno moja tu: "Sijafanya kazi. Sijafanya kazi." Redio ikaendelea kuimba. Bosibori akachungulia dirishani.

"Imezimika?" akauliza.

Jumatatu, Phelesia alikwenda Homa Bay mwenyewe. Alikwenda na tairi la lori, tyubu ya baiskeli iliyoning'inia shingoni kama mkufu, na Maurice, aliyepewa sharti la kutosema lolote kuhusu rangi. Duka la mashine lilikuwa na kijana muuzaji aitwaye Jeff, mwenye kalamu sikioni.

"Karibu, mama. Unataka kompresa ya namna gani?"

"Ile nzuri."

"Zote ni nzuri. Hii ina nguvu ya farasi wawili. Ile ina farasi watano na nusu."

Phelesia akazitazama. "Farasi mimi sijui. Kwetu hakuna. Niambie kwa ng'ombe wa kulima."

Jeff alicheka, halafu akaona mama hacheki. Akatoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Muuzaji mwingine angemwambia achague yoyote atoke. Jeff alivuta kigoda na kuketi. "Sijui ng'ombe, mama. Lakini hebu niambie, kwako wanakuja nani zaidi?"

Swali hilo Phelesia hakuwahi kulisikia, wala kujiuliza. Alikuwa amenunua mashine mbili, moja kwa hasira na nyingine kwa haya, na hakuna siku aliyokaa chini akafikiria magurudumu yenyewe. Akafikiria sasa, akitaja kwa sauti. Baiskeli, hizo ni asubuhi mpaka jioni. Pikapu za samaki. Malori, si mengi, lakini likija halina subira. Na stima ya Suna? Inapotea ikitaka. Akamsimulia pia yaliyompata kwa mashine zile mbili.

"Basi ya stima tuiache," Jeff akasema. "Chukua ya petroli. Sasa, kuna mambo mawili watu huchanganya. Moja ni upepo unasukuma kwa nguvu gani. Lingine ni unatoka mwingi kiasi gani. Ile ya kutobolea miamba ilikuwa inatoa mwingi kupita kiasi."

"Ilitoa. Muulize jirani yangu."

"Na ile nyekundu?"

"Ilikuwa inapumua kama mgonjwa."

"Ndiyo. Nguvu ya kusukuma haikuwa mbaya, ila upepo ulitoka kidogo kidogo. Tena tangi lake lilikuwa dogo."

Phelesia akapiga goti lake zima. "Nimeelewa! Ni mtungi wa maji. Mtungi ukiwa mdogo, kila ukitaka kupika unarudi ziwani."

"Hivyo hivyo!" Jeff akasimama. "Tangi kubwa, mashine inajaza ikiwa peke yake, lori likija linakuta upepo umewekwa tayari. Na hapa kuna geji ya kupimia upepo na koki ya kuupunguza. Baiskeli ikija, unapunguza. Lori, unaongeza."

Ilikuwa kompresa ya petroli, yenye mapafu mawili ya chuma na mkanda wa kuyazungusha, na tangi la urefu wa mtu aliyelala. Rangi yake ilikuwa ya kijani kibichi kilichofifia, mbaya kabisa. Maurice alifungua mdomo, akaufunga.

"Washa," Phelesia akasema.

Jeff akawasha. Phelesia aliinamisha sikio, akaweka kiganja kwenye tangi, akajaza tyubu ya baiskeli pale pale dukani mpaka ikawa ya kiasi, kisha akaleta tairi la lori. Wateja wengine wakasahau walichokuja kununua. Tairi likajaa, Phelesia akalipiga kwa ngumi, likamjibu vizuri. Halafu akazima na kuketi mbele ya mashine akiitazama, mpaka Jeff akadhani ana malalamiko.

"Kuna shida, mama?"

"Hapana. Nasikiliza kama inavuja."

Haikuvuja. Wakaifunga kwenye pikapu ya samaki iliyokuwa inarudi Migori, na Phelesia akakaa nyuma nayo njia yote, mkono mmoja juu ya tangi.

Ile nyekundu aliichukua kinyozi wa pale sokoni, aliyetaka kupuliza nywele shingoni mwa wateja, na kwa kazi hiyo hakuna aliyewahi kuilalamikia. Mzee Mokaya aliendelea kuja kula Sabato, ila kwanza alisimama mlangoni na kuuliza swichi ziko wapi. Bosibori alifuma pazia nene la kibanda chake, akisema si kwa ubaya.

Wesley alipopita tena na lori lenye tairi lililolala, alizima injini, akavua viatu, akatoa blanketi chini ya kiti na picha ya mke wa tatu ili waendelee na mazungumzo. Phelesia akamwambia aketi. Akamwagiza uji kwa Bosibori, akaunganisha mpira, akafungua koki, akatazama geji. Wesley alikuwa amefika nusu ya kikombe alipoguswa begani.

"Tayari," Phelesia akasema. "Nenda."

"Tayari nini?"

"Tairi."

Wesley akalitazama tairi, akatazama kikombe, akatazama blanketi. Uso wake ulianguka kidogo. "Lakini sijakuambia alichosema mama yake," akalalamika.

Phelesia akavuta kigoda karibu, akanyoosha mguu wake wa kulia juani, akaketi. "Haya," akasema, "alisema nini?"